Majani Yaliyoinama Kila Ijumaa

"Hii mboga inafanya nini chumbani kwa maiti?" Ndilo swali aliloniuliza mwanamke aliyekuja kumwosha Shangazi Mwajuma, kabla hata hajakunja mikono ya gauni lake. Nikamwambia si mboga, ni kiazi, na kitakaa pale dirishani mpaka nitakapokitoa mwenyewe. Akanitazama kwa huruma, akidhani msiba umenipanda kichwani. Haukunipanda. Uchungu nilikuwa nao, tena mkubwa, kwa sababu mwanamke aliyenilea alikuwa amelala mbele yangu amefunikwa shuka jeupe. Lakini akili yangu ilikuwa timamu, na maisha yangu yote ya kazi nimezoea kuambiwa nimekosea na watu ambao baadaye walirudi kuniuliza nilijuaje. Wanawake wakaenda uani kuchemsha maji na kutafuta makaa ya chetezo cha ubani. Mimi nikakaa kwenye mkeka, nikautazama ule mmea uliosimama kwenye kopo la maziwa ya unga, na mawazo yakanirudisha mwaka wa tisini na mbili, katika nyumba hii hii ya Biryogo, nilipokuwa msichana mwenye mkono mwepesi kwenye cherehani na mdomo usiolala, sijui hata kiazi kinaanzia juu ya ardhi au chini.

Jinsi nilivyofika kwa Shangazi ni habari ndefu na haihusiani na viazi, tuiache. Nyumba ilikuwa na vyumba vitatu vilivyofuatana, unapita kimoja kuingia kingine. Cha mbele kilikuwa cha kushonea: cherehani mbili, vitenge vimetundikwa ukutani, na benchi ambalo wateja walikaa kusubiri na kusengenya. Cha kati tulilala. Cha tatu kilikuwa na sakafu ya saruji na dirisha pana linalotazama upande wa Mlima Kigali, jua la alasiri likiingia mpaka ukutani, na hicho Shangazi alikuwa amekipangisha kwa bwana mmoja mrefu, mkimya, mwenye kofia ya kitambaa, aliyeitwa Anastazi. Mtaa mzima ulimwita Agoronomu, yaani bwana shamba. Alikuwa akifanya kazi kwenye kituo cha mbegu kaskazini, huko viazi vinakotoka; vita vilipofika kule watu wakakimbia, na yeye akakimbia na boksi la miche iliyofungwa kwenye magazeti mabichi. Mke wake na binti yake walikuwa wametangulia kwa shemeji yake Kicukiro, naye alilala huko. Watu walimcheka, eti wenzake wameokoa redio na magodoro.

Mimi mwenyewe nilimuuliza, kwa sababu sikuwa na adabu ya kunyamaza, kwa nini aje kulima Biryogo mahali ambapo hata mchicha haupati pa kuota. "Ndiyo sababu," alinijibu kwa Kiswahili chake cha Kinyarwanda. "Hapa hakuna bustani. Hakuna nyanya, hakuna viazi ya jirani. Mugonjwa itatoka wapi?" Ile miche ilikuwa safi, alieleza, haina ugonjwa hata mmoja, na kutoka kwayo angeweza kupata mbegu safi za kuwapa wakulima wa Masaka na Kinyinya, ili watu wale viazi hata kama barabara ya kaskazini imefungwa. Ikifa hiyo, hakujua pengine pa kuipata. Basi alipaka kuta chokaa ili mwanga urudi, akatundika taa ndefu za neoni juu ya makasha ya mbao, na Shangazi akamshonea vyandarua vya kufunika makasha, pindo mbili, vidukari wasipite. Udongo waliupika. Naapa, waliupika, kwenye sufuria kubwa la pilau la Shangazi, na aliponiambia nikoroge udongo kwa mwiko niliona kweli nyumba yetu imeingiwa na wazimu.

Lakini nilikoroga, na nilipomaliza kukoroga nikabaki pale. Agoronomu alihitaji mtu wa kuangalia miche jioni akisharudi Kicukiro, na mimi nilikuwa karibu, basi akaanza kunifundisha kusoma majani. Alitumia neno hilo hilo: kusoma. Unaanza chini, kwenye majani ya zamani, halafu unapanda. Unageuza jani utazame mgongo wake. Ukikuta majani ya chini yamepauka njano na ya juu yana afya, mmea una njaa, unakula akiba yake mwenyewe. Ukikuta ya juu ndiyo ya njano na mishipa imebaki kijani, hiyo ni njaa ya aina nyingine. Kingo zikikauka, angalia maji. Madoa meusi yenye ute na ukungu mweupe mgongoni ni mildiyu, na hapo usiulize, ng'oa. Jani likijikunja kwenda juu na likawa gumu hata likalia ukiligusa, hicho ni kirusi. Na mmea ukilegea ilhali udongo una maji, basi omba Mungu, maana hiyo ni kirabiranya, mnyauko unaokaa ndani ya kiazi chenyewe na kusafiri na mbegu mpaka shamba la mtu ambaye hakukukosea kitu.

Nililipenda somo hilo kuliko chochote nilichowahi kufundishwa, na nililiweza upesi, sioni haya kusema. Siku moja nilikuta vipele vidogo chini ya majani, nikasoma, nikagundua ni mimi mwenyewe ninayemwagilia mno chumba kikiwa kimefungwa, nikapunguza maji, vikakoma, nikamwambia Agoronomu baada ya kazi kwisha. Akacheka. Siku nyingine niliingia nikila ndizi mbivu, na nyingine nimezibeba kwenye kanga, akanitoa mbio. "Toa hiyo! Ndizi ikiiva iko na pumzi, na pumzi yake inazeesha majani. Wewe hujaona urwina?" Nilikuwa nimeona. Kila aliyekulia Rwanda ameona lile shimo wanalofukia ndizi mbichi na kuzipulizia moshi, na baada ya siku chache zinatoka za njano. Nikamaliza ndizi zangu uani nikinuna, na sikulifikiria tena jambo hilo.

Wakati huo benchi la chumba cha mbele lilikuwa na habari moja tu. Viazi vilikuwa vimeadimika sokoni, watu wanakula mihogo asubuhi na jioni, na sisi tuna chumba kizima cha viazi tunavilaza na taa. "Viazi vya Mwajuma vinawashiwa umeme, sisi wengine tunajikwaa gizani," alisema Bi Rehema, jirani yetu wa ukuta kwa ukuta, huku akipimwa kiuno. Wengine wakacheka. Shangazi naye alicheka, pini zikiwa mdomoni, lakini nilimwona jinsi alivyotazama mlango wa nyuma. Usiku ule tukila maharage na chapati aliniambia, "Macho ya watu mabaya, Zulfa. Yule bwana ameniamini na vitu vyake." Nikamwambia viazi havina habari na macho ya Bi Rehema. Akanikatia chapati nyingine ili ninyamaze.

Haukupita muda majani yakaanza kuinama. Niliyakuta Ijumaa asubuhi, yote yakitazama chini, vikonyo vimejipinda, na ya chini kabisa yakageuka njano na kuanguka ukiyagusa. Katikati ya wiki yaliinuka kidogo, tukapumua, halafu yakaanguka tena, vibaya kuliko mwanzo. Agoronomu akachunguza maji, akachunguza udongo, akabadilisha taa. Udongo ulikuwa na maji ya kutosha. Akakata shina moja, akalining'iniza kwenye glasi ya maji, tukakaa wote wawili tukilitazama, kwa sababu kirabiranya ikiwamo hutoa uzi mweupe kama maziwa. Uzi haukutoka. "Mwanzoni inaweza kujificha," alisema, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyekwisha kuona haya mahali pengine. Shangazi alisimama mlangoni na kikombe cha chai alichomletea, chai ikapoa mkononi. Nilimsikia akinong'ona dua.

Jumatano Agoronomu akatuita mimi na Shangazi chumbani, akavua kofia. "Mama," alimwambia Shangazi, "Jumamosi nitachoma yote." Shangazi akashika kifua. Mimi nikaruka: vipi achome na uzi haukutoka? Akanijibu taratibu, na mpaka leo namheshimu kwa jibu lile. "Nikikosea nikachoma mimea mizima, nimepoteza mbegu. Nikikosea nikatoa mimea iko mugonjwa, nimeingiza ugonjwa kwa shamba ya watu, na hautatoka. Afadhali hasara ikae kwangu." Akavaa kofia akaenda zake Kicukiro, mabega yameshuka. Alikuwa sahihi, na maneno yasingetosha. Nilichotaka ni kitu cha kumwonyesha.

Nikabaki na makasha. Nilianza chini, nikapanda, kama alivyonifundisha. Nikashika jani moja lililoinama, na hapo hapo kidole kikaniambia jambo. Lilikuwa gumu. Mmea ulionyauka hulegea kama mboga iliyochemshwa, na hili lilikuwa limejaa maji, limekaza, limeshupaa, ila linatazama chini. Nikashika la pili, la tatu, yote hivyo hivyo. Nikaona pia kwamba makasha yaliyoumia zaidi ni yale ya karibu na mlango. Nikainua chandarua nichungulie vizuri, kikaniangukia usoni, na harufu ikanipiga: ubani. Mimi ni fundi wa nguo, najua kitambaa hushika harufu kuliko ukuta. Nyumba yetu ilinuka ubani tangu nilipopata akili, hata nilikuwa siusikii tena, lakini ule wa kwenye chandarua ulikuwa mwingi, umeingia mpaka kwenye pindo. Nikapiga magoti. Nyuma ya kasha la mlangoni, kwenye saruji, palikuwa na duara la jivu ukubwa wa kitako cha chetezo.

Kila Alhamisi jioni mimi nilikuwa sipo nyumbani. Hakuna fundi wa Biryogo anayepumzika Alhamisi jioni, ndipo watu wanapotaka kanzu na mabuibui yao ya Ijumaa, na mimi ndiye nilikuwa nazungusha nguo nyumba kwa nyumba. Na Alhamisi jioni ndipo Shangazi alipofukiza. Na majani yaliinama kila Ijumaa. Makaa, moshi, mlango umefungwa, ndizi za kwenye urwina: moshi una pumzi ile ile inayozeesha majani. Nilikaa kwenye ile sakafu nikacheka peke yangu kwa furaha, halafu nikaacha kucheka, kwa sababu sasa ilinibidi nikamwambie.

Nilimwambia kesho yake, Alhamisi, baada ya alasiri, akiwa anapepeta mchele wa pilau. Sikuzunguka. "Shangazi, si hasidi, wala si kirabiranya. Ni chetezo chako." Akaacha ungo. Macho yake yalinichoma. "Ubani? Ubani huu alioufukiza mama yangu, na mama yake, watoto wakazaliwa ndani yake, na hakuna hata mmoja aliyenyauka?" Nikasema, "Shangazi, wewe si kiazi." Nilidhani atanitupia ungo. Badala yake akasema kuwa kila wiki majani yakianguka yeye alijua jicho limezidi, kwa hiyo naye alizidisha: chetezo kikubwa zaidi, dirisha analifunga, mlango anauziba kwa kanga moshi usitoke. "Nilikuwa navilinda," alisema. Nikamwambia najua. Nilikuwa na hakika na nilichokisoma, lakini moyo uliniuma kumwona hivyo, mtu mzima amekaa na ungo mapajani hajui aushike vipi.

Ndipo akafanya jambo ambalo sikulitegemea. Akainuka, akajipangusa, akasema, "Wewe umesoma majani, mimi nimesoma Yasini. Tutaona." Akaniamuru nihamishie makasha yote chumba cha mbele, kwenye cherehani, isipokuwa moja litakalobaki na ubani. Nikamchagulia lile dhaifu zaidi, lililokuwa linakufa hata hivyo. Akanizuia mkono. Akalikagua kila kasha, akachagua lililokuwa zuri kuliko yote, lile Agoronomu alilokuwa akilipitishia kiganja kila asubuhi, akaliweka katikati ya chumba cha tatu. "Kama dua yangu inaua," alisema, "basi iue kilicho bora nione; usinionee huruma." Baada ya magharibi aliwasha makaa, akatia ubani, akafunga dirisha, akasoma alichokuwa akisoma siku zote, kwa sauti ile ile. Mimi nilikaa chumba cha mbele katikati ya viazi, mkono mmoja kwenye gurudumu la cherehani, na nguo za watu nilichelewa kuzipeleka.

Asubuhi aliufungua mlango yeye. Lile kasha zuri lilikuwa limeinama lote, kila jani linatazama chini, na ya chini yameshaanza kupauka. Ya chumba cha mbele yalikuwa yamesimama. Shangazi alikwenda kutoka chumba kimoja hadi kingine, akarudi, akaenda tena. Akavaa buibui akaketi kwenye benchi la wateja kumsubiri Agoronomu, na aliponiona nafungua mdomo akanyanyua kidole nikaufunga.

Anastazi aliingia na galoni la mafuta ya taa mkononi. Alikuwa amelileta Ijumaa, siku moja kabla ya kuchoma, ili asipate nafasi ya kubadili nia. Shangazi akasimama. "Agoronomu, weka hilo chini. Kirabiranya yako ni mimi." Akamshika mkono kama anavyoshikwa mgeni, akampeleka chumba cha tatu, akamwonyesha kasha, chetezo, kanga ya mlangoni, vyote, hakuficha. Yule bwana alishika jani, akalibonyeza. Akalibonyeza tena. Akavuta chandarua, akakinusa, akasimama vile uso wake umezama kwenye kitambaa. "Urwina," alisema. Mabega yake yakaanza kutikisika, na mimi sikujua kama analia au anacheka mpaka alipoketi juu ya galoni lake na tukamwona vizuri. Vyote viwili. "Mama," alisema, "ulikuwa unaviombea." Shangazi akajibu, "Niliviombea mpaka nikataka kuviua," na akaanza kucheka naye, machozi yakimtoka chini ya buibui.

Kisha Agoronomu akanigeukia akaniuliza niliona nini kwanza. Nikamwambia jani lilikuwa gumu. Akatikisa kichwa taratibu. "Mimi niliogopa," alisema, "mutu akiogopa anaona kwa macho, hagusi." Kisha akasema kuanzia siku ile mimi ndiye nitakayesoma na yeye atabeba maji. Nilidhani ni mzaha, lakini Jumatatu nilimkuta ameshika ndoo anasubiri maagizo. Shangazi hakuacha dua. Kila Alhamisi alisimama kwenye kizingiti cha chumba cha tatu, mikono mitupu, akasoma pasipo moto, na Agoronomu, Mkristo wa watu, alijifunza kuitikia amina. Viazi vilipovunwa vilikuwa vidogo, vya kujaa kiganja cha mtoto, na vilikuwa safi. Tulivipanda Masaka kwenye kipande cha mteremko, na nikarudi nyumbani na udongo kwenye kucha, najua kazi yangu ni ipi. Nimeifanya mpaka nilipostaafu: nimekagua mbegu za viazi katika nchi hii kilima kwa kilima, na kila kijana niliyemfundisha nilimwambia akishike kwanza kile anachokiogopa.

Habari za tisini na nne sitazisimulia hapa. Nitasema tu kwamba Anastazi aliuawa, na mke wake, na binti yake, na kwamba sijui alikolala. Niliporudi Biryogo chumba cha tatu hakikuwa na taa wala makasha wala hata fremu ya dirisha. Shangazi alikuwa amekaa sakafuni, hai, hataki kula. Nikaenda Masaka kwa miguu. Kile kipande kilikuwa pori, lakini katikati ya magugu niliona majani ninayoyajua, yamejiotea yenyewe kutoka kwa viazi ambavyo hakuna aliyevichimba. Nikafukua kimoja nikamletea kwenye kanga. Alikigeuza geuza mkononi, akauliza kopo la maziwa liko wapi. Siku ile alikula.

Tangu hapo hakukosa kiazi dirishani. Kikizaa, anapanda mtoto wake. Na kila Alhamisi, kabla hajawasha chetezo, alilibeba lile kopo kwa mikono miwili mpaka uani, akaliweka juu ya ukuta, ndipo arudi kufukiza. Wajukuu wa mtaa walidhani ni sehemu ya dini. Alhamisi yake ya mwisho hakuweza kunyanyuka. Nilikuwa napuliza makaa mlangoni, nadhani amelala, nikasikia sauti yake, nyembamba lakini ya ukali ule ule: "Zulfa. Kiazi umekitoa?" Nikamwambia nimekitoa, Shangazi. Nilikuwa nimekitoa kweli.

Wanawake wakaingia na chetezo, makaa yamekolea, sanda imekunjwa tayari kufukizwa. Nikawaambia ngojeni. Nikasikia mmoja akisema, "Sasa huyu naye!" Nikalibeba lile kopo kwa mikono miwili, nikapita katikati yao, nikaliweka juu ya ukuta wa uani, upande wa jua. Nikageuza jani moja la chini, nikatazama mgongo wake, nikalibonyeza. Lilikuwa zima kabisa. Nikarudi ndani, nikakaa karibu na kichwa chake.

"Haya," nikawaambia. "Fukizeni."